Roketi hufanyaje kazi, na kwa nini vipande vyake huanguka?

Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema tathmini ya awali ilionyesha kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa nini roketi huundwa ili iachane vipande?

Roketi husukumwa na gesi moto inayotoka mkiani kwa kasi. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, gesi ikisukumwa chini, nayo huisukuma roketi juu. Roketi haiegemei hewa; hubeba mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachoma, hivyo hufanya kazi hata pasipo na hewa.

Injini za mafuta ya maji huweza kuzimwa. Zile za mafuta magumu ni rahisi kuunda, lakini zikishawaka ni vigumu kuzizima. Mfumo wa uelekezaji hupima mwendo na kurekebisha njia. Kileleni, ndani ya kifuniko, hukaa mzigo, mara nyingi setilaiti.

Ili isianguke, setilaiti inayozunguka karibu na dunia huhitaji kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Mwaka 1903, Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa kadiri roketi inavyobaki nyepesi baada ya kuchoma mafuta, ndivyo inavyopata kasi zaidi. Tangi tupu ni mzigo usio na faida, hivyo hutupwa safarini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa roketi ya Scout, yenye hatua nne, iliyorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Huko, jirani na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi inayoelekea mashariki kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa.

Hatua za mwanzo kwa kawaida huelekezwa zianguke baharini. Za juu huweza kubaki angani kwa miaka, kisha zikarudi bila kuongozwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo kulipa fidia ya madhara yake ardhini, hata bila uzembe kuthibitishwa. Lakini kwanza sharti ijulikane kipande ni cha nani.