Tulizi, si Kandamizi

Mswada wangu kuhusu kinga ya mwili ulirudi ukiwa umejaa wino mwekundu. Kila nilipoandika "seli T tulizi", yaani zile zinazotuliza seli nyingine za kinga, mhariri alikata na kuandika juu yake "seli T kandamizi". Nilipouliza sababu nikajibiwa kwamba kamati ya istilahi imeshalipitisha neno hilo. Basi kamati imekosea.

Kukandamiza ni kushindilia chini kwa nguvu. Ndiyo maana twasema utawala kandamizi. Tena jina hilo lilishaiponza sayansi yenyewe. Miaka ya 1970 wataalamu walihubiri habari za seli T za kukandamiza. Muongo uliofuata, jeni waliyoitegemea haikuonekana pale walipodai ipo, na nadharia nzima ikatupwa. Shimon Sakaguchi alipozitambua seli hizi upya mwaka 1995, kwa alama ya CD25, alianza na ushahidi mwingine kabisa. Kwa nini sisi tuokote jina lililotupwa?

Wapo wanaoshabikia "seli dhibiti". Dhibiti ni neno la Kiarabu la kushika imara, nami silichukii. Lakini likisimama peke yake ni amri, wala halisemi nani anamdhibiti nani.

Tulizi limetoka mbali zaidi. Mzizi wake ni tua: kutua mzigo, kutua tanga. Sauti ya l tumeimeza katika tua, ila Wachewa wa Malawi bado wanasema kutula, na kwetu inarudi katika tulia na tuliza. Kutokana na tuliza tunapata tulizi, kama elekeza ilivyotupa elekezi. Mtazame baharia anapotua tanga: hapigani na upepo, hatoboi chombo, anashusha foromali, na jahazi linapunguza mwendo. Seli hizi nazo, kwa protini yao ya CTLA-4, huzivua seli chochezi, zile zinazoziamsha seli T nyingine, molekuli za CD80 na CD86 zilizo juu ya utando wao. Seli chochezi inabaki hai, ila tanga limeshuka.

Mwenzangu mmoja alishikilia "tulivu". Tulivu ni aliyetulia mwenyewe; tulizi hutuliza wengine. Tofauti hiyo anaijua kila mama aliyebembeleza mtoto.

Na mtulizaji naye ana wa kumshika mkono. Seli tulizi haziwezi kujitengenezea interlukini-2 ya kutosha. Huipata kwa seli T zilizo vitani, kwa hiyo vita vikikolea, chakula cha watulizaji nacho huongezeka. Utambulisho wao unalindwa na jeni ya FOXP3, ambayo Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliigundua mwaka 2001 kwa panya wagonjwa. Mwaka 2025 wawili hao na Sakaguchi walitunukiwa Nobeli. Panya dume mwenye FOXP3 mbovu hufa akiwa na wiki chache tu. Kwa binadamu kasoro hiyo huwapata hasa watoto wa kiume: ni ugonjwa wa IPEX, ambapo kinga hushambulia utumbo, ngozi na kongosho la mtoto mwenyewe.

Matumizi ni mepesi: seli T tulizi, umoja na wingi; kazi yake, utulizi.

Walimu wa baiolojia, msisubiri kamati ibadili uamuzi wake. Liandikeni ubaoni kesho asubuhi, na mwanafunzi akiuliza maana yake, mwelezeni habari za tanga.