Habari za Mpira katika Misioni ya Katanga

Msomaji asistaajabu akikuta habari za mchezo ndani ya kitabu cha Jubilei. Wenzangu wameandika, na wameandika vema, habari za makanisa yaliyojengwa, za Masista, za seminari, na za makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu siku nyingi na katekisimu mfukoni. Mimi nimepewa habari za mpira. Nilipoambiwa nilicheka, walakini nilipokaa na kutafakari niliona kwamba vijana wengi wa mji wetu walifika katika kiwanja cha Misioni kabla hawajafika mlangoni pa kanisa, na wengine waliishia kiwanjani, mlangoni wasifike kamwe. Habari za watu hao nazo ni habari za Misioni.

Kwanza yafaa kukumbuka mji ulivyokuwa. Prefektura ya Katanga iliundwa mwaka 1910, ikakabidhiwa Mapadre Wabenediktini wa monasteri ya Sint-Andries, karibu na mji wa Brugge katika Ubelgiji. Mkubwa wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyepata uaskofu mwaka 1932 na kufariki mwaka 1958. Mwaka ule ule wa 1910 reli itokayo kusini ilifika, na mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanza. Mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa. Basi Misioni, reli na shaba vililelewa pamoja kama watoto wa nyumba moja, na mambo mengi ya baadaye, mema na mabaya, yatoka katika ujirani huo.

Siku za kwanza wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière walikuja peke yao kwa miezi michache, kisha wakarudi makwao, wale waliobaki hai. Walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda na Urundi, na mahali pengi pengine. Kuanzia karibu mwaka 1928 Kampuni iligeuza desturi yake: ilitaka mtu akae miaka mitatu, tena akae na mke na watoto. Ndipo wakazaliwa watoto wa kambi, watu wa namna mpya katika nchi yetu. Mtoto wa kijijini alipotoka shule, kama shule ilikuwako, alikuwa na mbuzi wa kuchunga, mtego wa kutazama, shamba la mama, na jioni babu wa kumsimulia hadithi. Mtoto wa kambi hakuwa na mbuzi wala babu. Baba yumo tanurini, nyumba ni vyumba vichache vilivyopangwa safu moja na nyumba za majirani, maji hutoka bombani. Shule za kambi walikabidhiwa Mapadre, na shule ilipofungwa, kijana alikuwa na nafasi ndefu mpaka jua kuchwa asijue la kufanya.

Vijana walijitafutia wenyewe la kufanya. Walicheza ngoma ya mbeni, wakajipa vyeo vya wafalme, magavana na majenerali, wakaandamana kwa safu kama askari. Serikali ya Wabelgiji haikupenda kuona mtu mweusi anaitwa gavana, hata kwa mchezo. Mapadre nao waliona katika ngoma ile pombe, na usiku, na mengine. Hivyo mpira wa miguu ulipoenea mjini, wakubwa wote waliupokea kama dawa. Na hapa nitasema wazi, maana Jubilei si siku ya kupaka chokaa tu: kila mmoja aliuleta kwa hesabu yake. Kampuni ilitaka miguu yenye nguvu na watu wasiogombana Jumatatu asubuhi. Serikali ilitaka mikusanyiko inayoonekana mchana, chini ya macho yake. Mapadre walitaka kumshika kijana kabla ngoma haijamshika. Walakini sisi tuliolelewa katika shule za Misioni twajua kwamba mtu anayekimbia juani na watoto wa wenzake mwaka baada ya mwaka hawezi kuwa anafanya hesabu tu.

Katanga haikuwa peke yake. Huko Léopoldville, Padre Raphaël de la Kethulle, wa shirika la Scheut, aliyefika Kongo mwaka 1917, alianzisha mwaka 1919 chama cha michezo kilichoitwa Association Sportive Congolaise. Alijenga mashule na viwanja hata watu wakamwita Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël. Kiwanja chake kikubwa kilifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin, baadaye kikaitwa kwa tarehe ya tukio la kisiasa, yaani 20 Mei, na mwisho kimepata jina la Padre mwenyewe. Jina la mfalme limeondoka, jina la mwalimu limebaki.

Kwetu Elisabethville kazi hiyo ilishikwa na Padre Grégoire Coussement, Mbenediktini. Yeye ndiye aliyeanzisha shirikisho la vyama vya mpira vya watu weusi, nalo liliitwa, kwa Kiswahili chetu, Shirikisho la Kifalme la Vyama vya Michezo vya Wenyeji. Neno hilo “Wenyeji” lisipite bila kuangaliwa. Wazungu walikuwa na mashindano yao, na wenyeji yao. Watu waliobatizwa kwa maji yale yale hawakukutana katika ratiba moja ya mpira, na aliyelipanga shirikisho hilo alikuwa Padre. Yamkini aliona kwamba ndilo lililowezekana siku zile. Aliyafanya yaliyowezekana, akayafanya vizuri: palikuwa na daraja, na tarehe, na kikombe, na adhabu kwa aliyempiga mwamuzi.

Mwaka 1939 Mapadre wa Institut Saint-Boniface walitazama wanafunzi wao ambao hawakuwa njiani kuelekea upadre. Vijana wa seminari walikuwa na kanuni iliyojaza siku yao tangu kengele ya asubuhi. Hawa wengine je? Wakawaundia chama cha mpira, wakakipa jina la Saint-Georges, yaani Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Chama hicho kiliingia daraja la kwanza la shirikisho la Padre Coussement, na mwisho wa msimu kilikuwa cha tatu. Kwa watoto wa shule waliopambana na watu wazima wa mji, hiyo si nafasi ya kudharauliwa.

Mpira uliwafundisha nini? Wengi husema utii, na ni kweli. Filimbi ikilia mtu husimama, hata akiwa amebakiwa na hatua mbili afunge bao. Walakini mimi naona palikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Mjini watu walikaa kwa makabila: kila kabila na chama chake cha kuzikana, na mzee wake, na lugha yake nyumbani. Katika kikosi cha shule, mtoto wa Kasai alimpa mpira mtoto wa Luapula, akamwita kwa Kiswahili, akaupata tena. Tena kijana mdogo mwenye akili ya mchezo aliweza kumwamuru mkubwa wake, “Rudi nyuma!”, naye akarudi. Katika mila zetu jambo hilo halikuwako. Hatukuwahi kuandika somo la katekisimu lililolifundisha upesi namna ile.

Yafaa pia kuandika habari ya huzuni, maana nayo ilikuwa kiwanjani. Wakati wa vita kuu ya pili bei za vitu zilipanda na mishahara ya weusi haikupanda nazo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 waligomaji walikusanyika katika kiwanja cha mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari. Msemaji wa waligomaji, karani Léonard Mpoyi, aliuawa, na askari wakapiga risasi katika umati. Wakafa makumi ya watu. Kiwanja kilichofanywa ili watu wakusanyike mchana wakionekana, ndicho walichokimbilia siku ya shida, na ndicho walichofia. Shule za kambi zilikuwa mikononi mwa Misioni, na Misioni ilikuwa karibu mno na Kampuni hata isiweze kusema kwa sauti ya peke yake. Wazee waliosimulia habari ile hawakuwatenga Mapadre na wenye mji. Hilo nalo ni sehemu ya miaka yetu.

Sasa nirudi kwa Saint-Georges. Mwaka 1944 chama kilibadilishwa jina, kikaitwa Saint-Paul. Miaka michache baadaye Mapadre wakakiacha. Sababu inayosimuliwa ni hii: kikosini walikuwa wameingia wachezaji wengi wasio wa Institut Saint-Boniface, watu wa nje. Chama hakikuwa tena cha watoto wa shule, basi shule ikaondoa mkono wake.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Nataka kuwa mwenye haki kwa Mapadre wale. Mwalimu yeyote aliyeongoza kikosi anajua yanayotokea chama kikianza kushinda. Huja watu wasiopenda shule ila ushindi. Huja bwana mwenye fedha za kumpa mshambuliaji. Mazoezi huingia katika saa ya masomo, Misa ya pili hukosa waimbaji, na mkuu wa shule huulizwa na wazazi kama amefungua shule au soko. Shule ina kazi yake, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuilinda. Walakini chama kile kilikuwa kimepewa jina la Mtume wa Mataifa, yule aliyekwenda kwa watu wa nje hata wenzake wakamshtaki kwa sababu hiyo. Na kikiwa na jina lake kikaachwa, kwa kuwa watu wa nje wameingia. Kwa miaka mingi tuliomba watu waje. Walikuja, walakini kwa mlango tusioutazamia, wamevaa kaptura.

Kilichotokea baadaye chajulikana na kila mtoto wa Lubumbashi. Chama kilichukua jina la Englebert, ambalo ni jina la matairi ya gari, maana wenye matairi ndio waliokifadhili. Kisha kilichukua ubingwa bila kushindwa, kikajiongezea jina la Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Jina ambalo mkristo hulitamka kwa uangalifu, na mimi hulitamka kwa kifupi, T.P. Mwaka 1967 kilichukua Kikombe cha Afrika: kilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na siku ya mchezo wa kurudia Kotoko hawakuonekana. Mwaka 1968 kikalichukua tena, safari hii kiwanjani, mbele ya Étoile Filante ya Togo. Kwa jina la Mazembe kiliongeza ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Na Desemba 2010 kikawa chama cha kwanza cha Afrika kufika fainali ya vyama bingwa vya dunia, huko Abu Dhabi, kikafungwa mabao matatu na Inter ya Milano. Usiku ule nilitazama mchezo pamoja na umati mbele ya televisheni moja. Nilipowaambia jirani zangu kwamba chama hiki kilizaliwa katika shule ya Mapadre, mmoja alinitazama kwa huruma, akanijibu kwamba makatekista hudai kila kitu kimeanzia kanisani.

Mpinzani wake mkubwa wa mjini, chama cha watu wa reli, bado kinaitwa Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa wahunzi na wafua vyuma. Maelfu ya watu hulitaja jina lake kila Jumapili ya mashindano, wengine kwa sifa na wengine kwa matusi.

Nimesema mengi juu ya Mapadre wa zamani. Si haki ninyamaze juu yangu mwenyewe. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, nilipewa kusimamia mpira wa vijana. Tulikuwa na kikosi kizuri. Halmashauri ikakutana, ikaamua kwamba asicheze mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la katekisimu. Nilijua habari za Saint-Paul, maana nilikuwa nimekwisha kuzisoma, na sikufungua kinywa. Jumamosi ile nilisimama katikati ya kiwanja nikasoma majina. Golikipa wetu, ambaye mama yake husali kwingine, hakusikia jina lake. Alingoja nigeuze ukurasa. Nilipofunga daftari alivua fulana ya parokia, akaikunja, akaiweka chini pale nilipokuwa nimesimama, akaondoka kifua wazi, wawili wakamfuata. Walikuwa vijana kumi na tisa wanaokuja mazoezini. Mwezi uliofuata walikuwa saba, na saba hawatoshi hata kikosi kimoja.

Mwaka wa pili halmashauri iliifuta kanuni ile. Nilitumwa nyumba kwa nyumba kuwaita vijana, nikaenda. Wengi walirudi. Sasa tuna madaftari mawili, moja la katekisimu na moja la mpira, na majina yaliyomo hayalingani; Baba Paroko anajua, wala haulizi. Kutoka daftari la pili wanne wameomba kuandikwa katika la kwanza, bila kuitwa na mtu.

Golikipa yule hakurudi. Anachezea chama cha mtaa wa pili, na mara mbili ametuzuia kufunga. Tukikutana njiani husimama, huniambia, “Jambo, Mwalimu,” nami humwuliza habari za mama yake.