Kifungu cha 15

Nilipopewa kusimamia ghala la viazi hapa Ikonda, mzee mmoja aliyekuwa chini yangu aliacha kuitikia shikamoo yangu. Nikamwandikia barua ya onyo. Akaisaini bila kuisoma.

Nilikuja kumwelewa kupitia historia. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakishika. Viwandani Dar es Salaam walisusa kazi, wakawafungia nje mameneja. Mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber walikitwaa kiwanda chenyewe. Migomo mingi haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi na kutosikilizwa. Serikali ikachoka, polisi wakaitwa, migomo ikazimwa. Dharau haikuzimwa nayo.

Nikarudi ghalani na swali ambalo ningeanza nalo: "Baba, nilikukosea wapi?"

Alikaa kimya kidogo. "Ulituita wote ukatufundisha kupanga magunia. Mimi nimeyapanga miaka 19, mwanangu."

Siku hiyo yeye ndiye aliyenifundisha. Shikamoo yangu aliiitikia wiki iliyofuata.