Mtetemo Unaotuliza: Historia ya Udhibiti kwa Ishara za Marudio ya Juu

Mwaka 1908 Andrew Stephenson, aliyefanya kazi Manchester nchini Uingereza, alionyesha kwamba pendulamu iliyopinduliwa, yaani fimbo ambayo uzito wake uko juu na egemeo lake liko chini, inaweza kusimama wima bila kushikiliwa, mradi egemeo hilo litikiswe juu na chini kwa haraka ya kutosha. Pyotr Kapitza, mwanafizikia wa Kisovieti, ndiye aliyeifafanua siri hiyo mwaka 1951 alipougawa mwendo wa fimbo katika sehemu mbili: mtikisiko mdogo wa haraka unaofuata egemeo, na mwendo wa polepole unaoonekana kwa macho. Kwa kuwa mtikisiko huo hubadilika sambamba na kani inayouzaa, athari zake hazifutani, bali wastani wake huirudisha fimbo wima kila inapoinama. Sharti lake ni kwamba kasi ya juu kabisa ya egemeo ipite ile ambayo kitu hupata kikianguka kutoka kimo kinacholingana na urefu wa fimbo; hivyo pendulamu ya sentimita 10 huhitaji zaidi ya meta 1.4 kwa sekunde, na egemeo linalosogea nusu sentimita juu na nusu chini hulazimika kutetemeka takriban mara 45 kila sekunde.

Wahandisi nao walikabili tatizo la jamii hiyo katika mifumo isiyo ya mstari, ambayo matokeo yake hayakui kwa uwiano na kichocheo, kama vile swichi inayoruka ghafla au vali inayonata kwa msuguano, na ambayo mara nyingi huyumba yenyewe bila kukoma. Mwaka 1957 Rufus Oldenburger wa Marekani alieleza jinsi ishara ya marudio ya juu, yenye mitetemo mingi kwa sekunde, inavyoweza kukomesha kuyumba huko: swichi huvushwa huku na huko upesi kiasi kwamba sehemu nzito za mfumo huhisi wastani tu, na mruko hugeuka mteremko laini. George Zames na N. A. Shneydor waliupa utaratibu huo msingi wa kihisabati mwaka 1976, na mwaka 1980 Semyon Meerkov akaeneza nadharia ya udhibiti kwa mitetemo, ambao hauhitaji kipimo chochote cha hali ya mfumo. Hapo ndipo ulipo uzito wa historia hii, kwani inathibitisha kwamba hata pale ambapo kosa haliwezi kupimwa, uthabiti bado unaweza kujengwa.