Mtendaji Yuko Semina: Historia Fupi ya Mafunzo ya Viongozi Wetu na Faida Yake kwa Mkulima



Kuna lalamiko moja ambalo halikosi kwenye kijiji chochote. Umefika ofisi ya kijiji na barua yako, mlango umefungwa. Ukiuliza, unaambiwa mtendaji yuko semina. Muhuri unasubiri, magunia yanasubiri, na mwenye gari anataka hela yake. Hapo mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: hizi semina zinatusaidia nini sisi?

Wiki hii tuweke mbegu na mbolea pembeni. Tuangalie historia ya mafunzo ya viongozi wa ngazi ya chini katika nchi yetu, kwa sababu ukijua walikuwa wakifundishwa nini na kwa faida ya nani, utajua na cha kumuuliza mtendaji wako akirudi.

Enzi za kufundishwa kuamrisha

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walihitaji watu wa kuandika, kukusanya kodi na kupeleka amri. Shule ya serikali waliyoifungua Tanga katika miaka ya 1890 ilitoa makarani wa namna hiyo. Huko vijijini waliwatumia maakida na majumbe. Kazi yao kubwa ilikuwa kodi na kuwatoa watu kwenda kulima mashamba ya pamba ya lazima. Mkulima hakuwa na pa kusemea. Mwaka 1905 watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza.

Waingereza nao wakaja na utaratibu wa kutawala kupitia machifu. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu mamlaka ya kutunga sheria ndogondogo, na chini ya utaratibu huo walikusanya kodi na kuendesha mahakama. Shule ya Tabora ilikusudiwa kusomesha watoto wa machifu ili warithi kazi hiyo wakiwa na elimu. Mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kuanzisha halmashauri, na mwaka huohuo kikafunguliwa chuo cha serikali za mitaa pale Mzumbe, Morogoro. Waliofundishwa pale ni machifu, watumishi wao na madiwani, kwa kozi fupi.

Sasa angalia milima ya Uluguru, ambayo haiko mbali na Mzumbe. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ilikuwa nzuri. Lakini udongo wa juu pale ni mwembamba, na sehemu nyingi uchimbaji ulileta juu udongo usio na rutuba. Kazi ilikuwa kubwa na mavuno hayakuongezeka. Machifu walioagizwa kusimamia matuta wakaonekana maadui wa watu wao. Mwaka 1955 kulitokea ghasia, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa.

Sisi maafisa ugani tunapaswa kuikumbuka sana habari hiyo. Kiongozi aliyefundishwa kupeleka amri chini, bila kufundishwa kurudisha maneno ya watu juu, anaweza kuharibu hata jambo jema.

Uhuru, na mwaka 1972

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za kuchaguliwa zikashika nafasi. Chuo cha Mzumbe kikapanuliwa, kikafundisha pia maafisa wa maendeleo vijijini na mahakimu wa mahakama za mwanzo. Huko Moshi, Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963 kufundisha watumishi wa vyama vya ushirika. Kwa maneno mengine, mtu aliyeshika mizani ya kahawa na mtu aliyeshika daftari la halmashauri wote walikuwa na mahali pa kujifunzia kazi.

Halafu ukaja mwaka 1972. Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali waliopelekwa mikoani na wilayani. Mwaka huohuo chuo cha Mzumbe kiliunganishwa na taasisi ya utawala iliyokuwa Dar es Salaam, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikijua kwa jina la IDM. Kiliendelea kuwa chuo kizuri, na leo ni Chuo Kikuu cha Mzumbe, lakini halmashauri ambazo chuo kilianzishwa kwa ajili yake hazikuwepo tena. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Matokeo mkulima aliyaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Barabara za vijijini zilikosa mwenyewe. Mijini mifereji na takataka zilikosa wa kuzishughulikia, hata ikabidi halmashauri za miji zirudishwe mwaka 1978. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye, mwaka 1984, kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika.

Kujenga upya

Sheria za serikali za mitaa zilitungwa upya mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kuandika sheria ni kazi ya miezi, lakini kumpata mtu anayejua kuandaa bajeti, kutunza leja na kuendesha kikao kunachukua miaka. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi hiyo haikuwa na mtu wa kurithishwa. Anayejua ng'ombe wa maziwa ataelewa: ukiuza kundi lote leo, huwezi kununua siku moja ukapata maziwa yaleyale kesho.

Ndipo kwa sheria ya mwaka 1994 kikaanzishwa Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, mkoani Dodoma, ambacho kipo chini ya TAMISEMI. Matangazo ya kazi ya Mtendaji wa Kijiji kwa kawaida hutaka mtu aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na mwenye cheti cha fani kama utawala, sheria, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza shule na anayependa kazi ya watu, hiyo ni njia mojawapo ya kumwelekeza.

Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji wao hawaajiriwi, wanachaguliwa kila miaka 5. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Kila uchaguzi unaleta sura mpya: mkulima mwenzetu, fundi, mama wa genge. Hawa hawakusomea uongozi, na bila mafunzo wataongoza kwa mazoea au kwa kusikia.

Hasara ya kiongozi asiyejua iko mfukoni mwako

Chukua ushuru wa mazao. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuupunguza kutoka asilimia 5, na kwamba anayesafirisha mazao yasiyofika tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Msimamizi wa kizuizi ambaye habari hiyo haikumfikia ataendelea kudai, na mfanyabiashara asiyejua ataendelea kulipa.

Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wasiojua hilo wanaweza kupitisha ekari za watu kwa muhtasari wa kikao kimoja. Kesi yake itawachosha wajukuu.

Fanya haya

1. Mtendaji au mwenyekiti akirudi semina, mwombe aeleze kwenye mkutano mkuu alichojifunza. Mkutano huo kisheria unafanyika kila miezi 3, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe.

2. Uliza mambo mahususi: viwango vya ushuru vya mwaka huu, sheria ndogo mpya za halmashauri, na mikopo ya vikundi ikoje.

3. Dai stakabadhi kila unapolipa, na soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kuondoka.

4. Uliza nani anakaimu ofisi wakati mtendaji hayupo. Safari yake isisimamishe muhuri wala mzigo wako.

5. Ukisikia mafunzo yanakuja kwenye kata, uliza kama vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wanaweza kutuma mwakilishi. Mkijua pamoja na kiongozi wenu, hakuna wa kumdanganya mwenzake.

Semina ya mtendaji inalipiwa na kodi na ushuru wetu. Tusimnunie kwa kwenda, ila akirudi tudai mavuno yake kama tunavyodai ya shamba.