Uhakiki, Neno la Pande Mbili

Mwalimu wa fasihi akitaja uhakiki, wanafunzi hujiandaa kuichambua kazi: maudhui yake, fani yake, nani kaiandika na kwa ajili ya nani. Afisa utumishi akilitaja neno hilo hilo, watu hutafuta vyeti vyao halisi. Maabarani nako matokeo huhakikiwa kwa kurudia kipimo. Shina ni moja na la haki na hakika. Kwangu mimi, neno hili limekwisha kujibu ubishi wa miaka mingi kuhusu nani mwenye kigezo cha kweli cha elimu, mwanasayansi au mwanahistoria.

Tazama sarafu za Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa. Upande mmoja una jina lake, wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo zimetiwa vina kama mishororo ya shairi. Mwaka haumo. Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa, alimweka sultani huyu mnamo 1200. Kisha mwaka 1984 hazina ikafukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina lake, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, ambao desturi yao ilikuwa kuandika mwaka. Ali akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Hapo msoma hati na mchimba udongo walimhakiki mtu mmoja, na hakuna ambaye angefika peke yake.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Nasaba za kike zilionekana kuwa za Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Za kiume, nyingi zilitoka Uajemi. Na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Wapo waliosema sayansi imethibitisha masimulizi ya Washirazi, yale ya mwana wa mfalme aliyekuja kwa jahazi kutoka Uajemi. Kitenzi hicho kimezidi kipimo. DNA haitaji mwana wa mfalme wala jahazi lake. Nayo historia ya kale ya Kilwa, yenye masimulizi hayo, imetufikia kupitia Mreno João de Barros, aliyeichapisha mwaka 1552, na kupitia nakala ya Kiarabu ya karne ya 19; kila mnakili alikuwa na hadhira yake.

Kuthibitisha hufunga shauri. Kuhakiki hueleza shahidi alihojiwa vipi, kisha humwachia mwingine nafasi ya kumhoji upya. Ndiyo maana napendekeza kila tasnifu, ya jeni au ya tenzi, iwe na sehemu iitwayo Uhakiki, inayojibu maswali mawili: ni kitu gani kingeweza kutuonyesha kwamba tumekosea, na tulikitafuta kwa njia gani? Idara zote zikijibu hayo kwa Kiswahili kimoja, zitaweza kusomana.