Deni la Sauti ya Jana

Maandishi yana bahati. Mtu akiandika barua na kuisahau chini ya godoro, mjukuu wake aweza kuiokota baada ya miaka 60 na kuisoma pasipo msaada wa fundi yeyote. Sauti haina bahati hiyo. Ikishatamkwa imekwisha kwenda zake, na hata ikinaswa yahitaji chombo cha kuitoa, umeme wa kukiendesha chombo hicho, na mtu anayejua kukitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani sauti nayo ni mali, na pale ilipogharamiwa kwa senti za wasikilizaji wenyewe, kuitunza ni deni.

Historia itakayotusaidia kulipima jambo hili ilianzia mbali na kwetu, katika mji wa Berkeley, California, nchini Marekani. Lewis Hill, aliyezaliwa Kansas City mwaka 1919, alikuwa miongoni mwa vijana waliokataa kubeba silaha katika Vita Kuu ya Pili kwa sababu za dhamiri. Alipata kuwa mtangazaji mjini Washington, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba redio ya nchi yake ilikuwa mfukoni mwa wauza sabuni na sigara. Mwenye kulipa ndiye aliyeamua kisemwe nini, na kwa kuwa hakutaka kumuudhi mteja hata mmoja, mambo mazito hayakusemwa kabisa. Mwaka 1946 Hill na wenzake wakaanzisha Pacifica Foundation, na tarehe 15 Aprili 1949 kituo chao, KPFA, kikaingia hewani.

Swali lililomsumbua Hill ni lile linalomsumbua kila mwenye kutaka kusema jambo hadharani: nani alipe? Serikali ikilipa, itataka kusifiwa. Mfanyabiashara akilipa, atataka kuuza. Akabaki msikilizaji. Hill alikadiria kwamba ikiwa watu 2 katika kila 100 wanaoweza kufikiwa na kituo watatoa dola 10 kwa mwaka, kituo kitasimama kwa miguu yake. Tazama, msomaji, jinsi hesabu hiyo ilivyo ya ajabu. Hakuna aliyelazimishwa. Asiyetoa hata senti alisikia sawasawa na aliyetoa, kwa maana mawimbi ya redio hayana mlango wa kumzuia mtu. Wawili walilipa ili mia wasikie, na hao wawili walijua hivyo tangu mwanzo. Kwetu tungeuita ushirika, ama harambee, isipokuwa harambee hii haikuwa ya siku moja bali ya kila mwaka, bila kikomo.

Hesabu haikutii upesi. Redio za FM zilikuwa ngeni na wachache walikuwa nazo. Agosti 1950, baada ya miezi 16 tu, fedha ziliisha na kituo kikanyamaza. Hapo ndipo wasikilizaji walipothibitisha kwamba Hill hakuwa mwota ndoto. Walifanya mikutano, wakachanga, na Mei 1951 KPFA ikarudi hewani. Baadaye msaada ulikuja pia kutoka katika mfuko wa elimu ya watu wazima uliotokana na Ford Foundation. Hill mwenyewe alifariki mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 38, lakini mti aliouotesha uliendelea kutoa matawi: KPFK mjini Los Angeles mwaka 1959, WBAI mjini New York mwaka 1960, KPFT mjini Houston mwaka 1970 na WPFW mjini Washington mwaka 1977. Mtambo wa Houston ulilipuliwa kwa mabomu mara mbili katika mwaka wake wa kwanza, na aliyetiwa hatiani alikuwa mfuasi wa Ku Klux Klan. Wasikilizaji walichanga tena, mtambo ukajengwa tena.

Hadi hapa nimesimulia nusu ya hadithi, ile inayopendwa kusimuliwa. Nusu ya pili ina kelele kidogo. Kila siku iliyopita iliacha nyuma kanda za sumaku. Nyingine zilitumwa kwa posta kutoka kituo kimoja hadi kingine ili zisikike kwingine, nyingine ziliwekwa rafuni, na nyingine zilifutwa ili kunasia jambo jipya, maana kanda ilikuwa ghali. Ndivyo ilivyokuwa hata mitaani kwetu: kaseti yenye sauti ya babu akisimulia safari yake ya kwanza ya garimoshi ilifutwa wiki iliyofuata kwa ajili ya muziki wa arusi, na hakuna aliyeona kwamba pametokea msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pacifica ikaanza kuzikusanya kanda zake mahali pamoja, mjini Los Angeles, zikafikia makumi ya maelfu.

Ndani ya maboksi hayo mlikuwa na nini? Yamo mahojiano na Rosa Parks ya Aprili 1956, wakati watu weusi wa Montgomery wangali wanatembea kwa miguu kwenda kazini kuliko kupanda mabasi yaliyowabagua. Yule mama anasema kwa sauti ya mtu ambaye bado hajui mgomo utaishaje. Kitabu cha historia hakiwezi kutupa hilo, kwa sababu mwandishi wake anaujua mwisho.

Imo pia kanda ya London. Tarehe 7 Desemba 1964 Martin Luther King alikuwa njiani kwenda Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alihutubia mjini humo, katika ukumbi wa City Temple, na mwandishi wa Pacifica aliyekuwa Ulaya, Saul Bernstein, akainasa hotuba. Kanda ikahifadhiwa, kisha ikasahauliwa. Ilikuja kuibuliwa baada ya miaka 50, ikatangazwa Januari 2015 katika kipindi kiitwacho Democracy Now!, ambacho nacho kilizaliwa ndani ya Pacifica mwaka 1996 na hadi leo chaishi kwa michango ya watazamaji na wasikilizaji wake.

Niliisikiliza hotuba hiyo kwenye simu usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika. King hakuzungumzia Marekani peke yake. Aliizungumzia Afrika Kusini, akawataja Nelson Mandela na Robert Sobukwe waliokuwa kifungoni Robben Island, akazitaka Uingereza na Marekani ziiwekee serikali ya makaburu vikwazo vya uchumi. Hukumu ya Rivonia ilikuwa na miezi 6 tu. Dar es Salaam ya wakati huo, makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963, ilikuwa ikisema maneno hayohayo. Nilimsikia akilitamka jina la Mandela kama jina la mfungwa tu, kabla halijawa jina la barabara na viwanja vya ndege, nikasimamisha simu na kukaa kimya kidogo. Sauti ile ilikuwa yetu pia, na kwa nusu karne hakuna aliyejua kwamba ipo.

Kwa nini isahaulike? Si kwa uovu. Anayechangia redio huchangia kwa sababu ya kipindi cha kesho. Hakuna msikilizaji apigaye simu kulalamika kwamba kanda ya mwaka 1964 haijasikika. Mtangazaji akiugua, wote watajua asubuhi hiyohiyo. Kanda ikiugua, hakuna atakayejua mpaka ife. Na kanda huugua kweli. Zile za zamani zilizotengenezwa kwa asetati huanza kunuka siki na kujikunja. Nyingine za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, gundi yake ikawa kama uji, zikanata kwenye mashine. Fundi hulazimika kuzioka taratibu kwa saa kadhaa, katika joto la nyuzi 50 hivi, ndipo zikubali kuzunguka kwa muda wa kutosha kunakiliwa.

Kunakili nako hakuna njia ya mkato. Kanda ya saa moja aghalabu hutaka saa moja. Tufanye hesabu kidogo: kanda 10,000 za saa moja kila moja, fundi mmoja, mashine moja, saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni karibu miaka 5 bila likizo wala ugonjwa, na huyo fundi atakula nini? Wakati huohuo mashine zenyewe zinazidi kuwa adimu na vipuri vyake havitengenezwi tena.

Lipo tukio jingine ambalo kila nikilifikiri hunitia uchungu. Mwaka 1999 uongozi wa juu wa Pacifica uligombana na watu wa KPFA. Tarehe 13 Julai wafanyakazi waliondolewa kituoni, watu zaidi ya 50 wakakamatwa na polisi, milango ikafungwa. Je, masafa yalijazwa na nini? Yalijazwa na kanda za zamani. Sauti za waliokwisha kufa, zilizogharamiwa na wasikilizaji, zikatumiwa kuwanyamazisha walio hai. Mwisho wa mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika mitaa ya Berkeley, na Agosti wafanyakazi wakarudi. Mwaka 2003 ikapatikana katiba mpya iliyowapa wasikilizaji wanaochangia haki ya kupigia kura mabaraza ya vituo. Uchaguzi huo umeleta ugomvi wake, na fedha hazikuacha kupungua, lakini jambo moja lilikuwa limekubaliwa kwa maandishi: aliyechanga ana neno.

Mwaka 2004 neno podikasti lilianza kutumika, na ndoto ya Hill ikapata miguu mipya. Sasa hapahitajiki mnara wala leseni ya masafa. Watu wawili wenye maikrofoni na intaneti waweza kumfikia Mswahili wa Mombasa, wa Muscat na wa Toronto kwa siku moja. Hesabu ni ileile: wachache hutoa, wote husikia. Nalijua hili kwa karibu, kwani kwa miaka 12 nimekuwa mtunza fedha wa podikasti moja ndogo ya Kiswahili inayokusanya masimulizi ya wazee. Michango huja kwa simu, shilingi 2,000 hapa, 5,000 pale, na ujumbe mfupi: hii ni ya soda, mzee asikatishwe maneno.

Mwaka mmoja kampuni iliyotutunzia vipindi ilifunga biashara kabla ya siku iliyotutangazia. Vipindi vyetu vyote tulikuwa na nakala zake, ila 30 vya mwanzo, vilivyokuwa mikononi mwa mwanzilishi wetu. Na yeye alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na kompyuta yake haikuwaka tena. Tulitangaza hasara kwa wasikilizaji kama watu wanavyotangaza kifo. Baada ya siku 3 akapiga simu fundi cherehani mmoja wa Tabora. Alikuwa navyo vyote kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Bando ni ghali, alisema, kwa hiyo mimi hupakua mara moja nikasikiliza mwaka mzima nikishona. Aliituma kadi kwa basi, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Alikataa kurudishiwa hata nauli. Akasema tu kwamba kipindi cha 7 kina mikwaruzo katikati, tusimlaumu.

Tangu siku hiyo hukumbuka tofauti moja kubwa baina ya boksi la Pacifica na mambo yetu ya leo. Kanda ya King ilisahauliwa miaka 50 ikaishi, kwa sababu boksi halidai kodi. Kipindi cha podikasti hakiwezi kusahauliwa hata miaka 2. Ankara moja isipolipwa, nywila moja ikizikwa na mwenyewe, basi imekwisha, wala hapabaki hata harufu ya siki. Zamani uzembe uliweza kuhifadhi kwa bahati. Siku hizi uzembe hufuta kwa hakika.

Ndiyo maana katika mkutano wetu wa mwaka, wenzangu walipotaka fedha zote zinunue maikrofoni mpya, nilisimama na kupinga. Nilipendekeza katika kila shilingi 10 tunazopokea, moja iwe ya jana: nakala moja kwetu, ya pili katika mji mwingine, na ya tatu mikononi mwa wasikilizaji watakaokubali kuitunza, kila moja na daftari lake la nani alisema, wapi na mwaka gani. Ubishi ulikuwa mkali. Kijana mmoja aliuliza kwa haki kabisa tutahifadhi nini ikiwa tutashindwa kutengeneza kipya. Nilimjibu kwamba mama aliyetuma shilingi 2,000 mwaka wa kwanza hakununua kipindi cha mwaka huu. Alinunua kile cha siku ile, na hajatuambia kwamba amekichoka. Kura zikapigwa, 9 kwa 7, na maikrofoni ikangoja.